Pasifiki ya Muthangari

Harufu ya tapentaini hunirudisha kwenye ukuta mmoja wa shule ya chekechea kule Muthangari, likizo ya Agosti, nilipokuwa na miaka kumi. Baba yangu alikuwa mpaka rangi. Kwa miezi mingi alikuwa ameketi kando ya barabara Hurlingham, brashi zake zimepangwa juu ya gunia, akingoja kuitwa. Hatimaye mwalimu mkuu wa shule hiyo, Mwalimu Mwende, akampa ukuta wa uani achore ramani ya dunia. Ikimpendeza, Baba angepewa madarasa yote. Nyumbani tuliuombea ukuta huo kabla ya kula.

Kazi yangu ilikuwa kushika kitabu cha jiografia ili Baba anakili. Rangi alikuwa amenunua kama mtu wa Bungoma anavyoiona dunia: kijani tele kwa mashamba, kahawia tele kwa udongo, na kopo moja tu la buluu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Bahari ya Hindi aliipaka mara mbili, kwa mapenzi, maana ni yetu. Atlantiki aliipaka mara moja. Tulipofika Pasifiki, ambayo kwenye ramani ile ilikaa ncha zote mbili za ukuta, kopo lilikuwa na mabaki ya chini tu. Baba akachovya brashi kwenye kahawia, akaanza kuchora fremu nene mahali pa bahari.

"Baba, Pasifiki inaisha," nikasema.

"Nani ataitafuta hapa Nairobi? We shika kitabu."

Mwalimu Mwende alikuwa nyuma yetu na kikombe cha chai. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.

"Fundi, umewahi kuona bahari?"

"Bado, Mwalimu. Nimeona Mto Nzoia ukifurika."

Alicheka, lakini bila dharau. Akamketisha Baba juu ya debe, akampa ile chai, akamweleza polepole. Ukikusanya nchi kavu yote ya dunia, alisema, Pasifiki peke yake inaizidi. Jua hupandisha mvuke kutoka Bahari ya Hindi, upepo ukauleta hadi kwetu ukawa masika. Hata Pasifiki, mbali hivyo, ikipata joto kupita kawaida, majira yetu huvurugika, mafuriko hapa, ukame kule.

"Sasa ukiipunguza, Fundi, utatunyima mvua."

Baba alilowesha kitambaa kwa tapentaini, akafuta fremu yake yote, kisha akachanganya mabaki ya buluu na rangi nyeupe aliyopakia barafu ya ncha za dunia hadi ikatosha. Pasifiki ikatoka imepauka kama shati lililofuliwa mara nyingi, lakini ikatoka nzima. Mwalimu aliitazama ncha zote mbili.

"Madarasa utaanza Jumatatu," akasema. "Lakini rangi tutapima pamoja."

Siku hizi shule ile imezungukwa na maghorofa, na ukuta umepakwa upya na mikono mingine. Watoto wangu huikuza Pasifiki kwenye simu kwa vidole viwili, na wanajua mengi kuliko nilivyojua. Mimi namshukuru mwanamke aliyemsahihisha baba yangu mbele ya mtoto wake bila kumvunjia heshima. Baba amerudi Bungoma, mzee sasa, na kila masika hupiga simu.

"Nekesa, huko mvua imenyesha?"

"Imenyesha, Baba."

"Unaona? Sikuipunguza."