Dakika Kumi za Ukutani

Siku ya mwisho ya majaribio yangu kazini, kwenye kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta mjini Ibra, niliingia asubuhi na furaha ya mtu anayekwenda kuposa. Nilikuwa na skripti yangu, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe, niliyoiandika kwa wiki tatu, mstari kwa mstari. Chuo sikukiona mimi. Nilimaliza skuli kwetu Sur, yaliyobaki nikajifunza kwa kukosea.

Kituo kilikuwa na kompyuta moja kubwa, ya kurithi kutoka ofisi nyengine, na ndani yake mlikaa kompyuta pepe ishirini, zisizo na kiwiliwili. Kila moja ilitakiwa iingizwe kwenye domeni, yaani ule mtandao wenye mlango mmoja, na mlinzi wa mlango ni seva iliyokuwa mji wa Nizwa. Kisha itiwe programu, herufi za Kiarabu na printa. Kwa mkono ilikuwa kazi ya siku mbili. Mimi, kwa mdomo wangu, nilimwambia mkuu wetu kuwa skripti ingeyamaliza yote asubuhi moja.

Mkuu alikuwa mtu wa Manah, mzaliwa wa Bujumbura, na maneno kwake yalikuwa machache. "Saa saba mchana darasa linaanza," alisema. "Likianza, tunakuandikia mkataba. Lisipoanza, Jumamosi usije."

Alfajiri ya siku hiyo umeme ulikatika. Ile kompyuta kubwa, kibetri chake cha saa kilikuwa kimekufa, ikaamka ikidhani tuko mwaka mwengine kabisa. Hilo nililiona mara moja. Nikanyanyua macho kwenye saa ya ukutani, nikaiwekea kompyuta saa ile ile, nikajisifu moyoni kwa uangalifu wangu. Zile pepe zikiwaka huchukua saa kutoka kwake, kama watoto kwa mama.

Nikaiachia skripti. Ya kwanza: imeshindikana. Ya pili: imeshindikana. Nikakaa nikizihesabu hadi ya ishirini, na shati limenigandia mgongoni. Kwa nini, haikusema, maana mwenyewe niliiamuru inyamaze, isije ikachafua skrini kwa Kiingereza kirefu. Nilitaka ipendeze.

Nikaangalia neno la siri, nikaangalia waya. Nusu asubuhi ikapita. Mwisho nikaifungulia skripti mdomo, nayo ikasema: saa ya kompyuta hii na ya seva hazilingani. Nikatazama skrini, nikatazama ukuta. Sawasawa, hata dakika haikupishana. Nikampigia kijana wa Nizwa anayeiangalia seva. Akaniambia saa yao iko sawa, nitazame yangu. Nikamjibu kuwa yangu nimeshaitazama, kwa sauti ninayoionea haya hadi leo, tukaachana bila hata mmoja kumsomea mwenzake saa.

Nje zikaingia gari mbili zilizojaa vumbi, moja ya Bidiya, moja ya Wadi Bani Khalid. Wanafunzi wetu hao, wameshafika. Mzee mmoja wa mashamba ya mitende alikaa ukumbini na bahasha ya vyeti mapajani, ameishika kwa mikono miwili. Nikashindwa kumtazama. Mkuu alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake. Bora angenikemea.

Hapo adhana ya adhuhuri ikalia. Bibi anayetupikia chai, mtu wa Unguja mjini, aliingia kukusanya vikombe. Nikamwambia, basi tu ili nisikae kimya, kuwa kwa saa ya ukutani muadhini kachelewa.

Akaitua sinia.

"Kachelewa nani? Saa hiyo naisukuma miye, dakika kumi mbele. Mkiwekewa saa ya haki, nyie mnafika msikitini watu washatoa salamu."

"Tokea lini, bibi?"

"Tokea wewe hujaja. Kila mtu hapa anajua, baba. Hukuuliza."

Nilitoa simu ya mkononi. Dakika kumi kamili, na seva haisamehe zaidi ya tano. Nikaandika mbiombio hata nikakosea herufi mara mbili. Juu kabisa ya skripti nikaongeza mstari: kabla ya kugonga mlango, iulize seva ya Nizwa ni saa ngapi. Nikazizima zote, nikaziwasha.

Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tisa ikakwama, nikashika kichwa, ikaendelea. Bibi akapanda kiti airudishe mishale. Nikamwomba aiache, kosa ni langu mimi, niliyeiamini saa ya watu bila kuuliza.

Mkuu aliporudi kutoka msikitini, na wanafunzi nyuma yake, ya ishirini ilikuwa bado inatiwa printa. Nikamweleza yote bila kupunguza. Alitazama ukuta, akanitazama mimi.

"Kazi hiyo ya kuuliza saa, skripti itaifanya yenyewe kila siku?"

"Ndiyo, ustadhi."

"Basi Jumamosi lete kitambulisho, tuandike mkataba."

Yule mzee wa mitende akakaa mbele ya skrini, akaweka bahasha chini, akauliza aguse wapi. Nikamwonesha. Kisha nikaenda stoo, nikaswali peke yangu baina ya makatuni ya majani ya chai, na bibi ananingojea mlangoni, kikombe mkononi, anigombeze kuwa swala ya jamaa nimeikosa.