Nyumba Iliyogeukia Barabara

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hunitoa kazini. Naweza kuwa kwenye kiwanja cha mteja kule Atlabara, mjini Juba, ramani mkononi, lakini jirani akizima moto wake tu, mimi huyo, nimerudi mtaani Lemon Gaba, mtoto pekupeku, nimesimama ndani ya nyumba isiyo na ukuta hata mmoja.

Tulikuwa tumehama Nairobi, nilikozaliwa, tukaja kuishi kwenye kiwanja cha haboba, bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Nimule mpakani, nyumbani alionekana kama mgeni, kwa hiyo ujenzi wote ulimwangukia mama. Mama hakungoja mchoraji. Alichota majivu kwa kopo akachora nyumba yetu chini kwa ukubwa wake kamili: sebule hapa, vyumba kule, na jiko ndani kwa ndani kama nyumba za Nairobi. Kisha akatuamuru tuishi humo kabla fundi hajaja, tuone kama tutatoshea. Tulikula sebuleni, juani. Mimi nilipiga hodi kila nilipoingia, na nilijiona mtoto wa watu wenye nacho.

Haboba ndiye aliyenikera. Kila jioni aliburuta angarebi yake, kitanda cha kamba, akaipitisha katikati ya ukuta hadi upande wa barabara. Upande huo mama hakuweka mlango wala dirisha, kwa kuogopa vumbi na wezi.

"Haboba, umepita kwa ukuta!" nilimpigia kelele.

"De sunu? Nini hii? Ukuta iko wapi?" Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa Waganda. "Ya bit, wewe msichana, nyumba hii napa barabara mgongo. Mimi hapana lala ndani."

Akasema ikijengwa hivyo, yeye atahamia kwa dada yake kule Rejaf. Hakuwa anatania, kwani nguo zake alikwisha kuzifunga. Mimi nilidhani ni umbeya tu, maana hakuna aliyepita barabarani bila yeye kujua amebeba nini. Lakini nilimpenda vibaya sana. Nairobi wenzangu wote walikuwa na shosho, bibi wa kwenda kumwona likizo, mimi nilikuwa nasikiliza tu. Sasa nimempata wangu, halafu mstari wa majivu unataka kuninyang'anya!

Asubuhi ya kuchimba msingi niliwahi. Nikaufuta ukuta ule kwa mguu, nikachora baraza pana linaloangalia barabara, mstari umepinda kama nyoka mlevi. Mama akanikuta na kopo mkononi.

"Wewe! Nani amekutuma?"

"Haboba ataenda!" nikasema, na kilio kikanitoka.

Fundi alisimama na jembe lake, amechoka kungoja. "Mama, mimi nachimba wapi?"

Mama aliitazama angarebi kwa muda. "Fuata huo wa mtoto," akasema. "Ila uunyooshe."

Haboba alizeeka kwenye baraza lile, na akafa nikiwa chuoni Nairobi, nasomea usanifu wa majengo. Tulifundishwa kuuliza jua linazama wapi na upepo unatoka wapi kabla ya kuchora chochote. Niliporudi Juba na shahada yangu, mteja wangu wa kwanza alikuwa mama. Nikamtandazia mchoro mezani, nikamweleza kwa sauti ya mhadhiri kwamba baraza linapigwa na jua la magharibi na linaingiza vumbi nyumba nzima, kwa hiyo tulizibe kwa matofali.

Mama akanisikiliza hadi mwisho. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunitajia. Haboba alikuwa na kitindamimba, Wani, baba yangu mdogo. Aliondoka kwa barabara ile wakati wa vita, akiwa kijana, na habari zake zikakatika. Haboba aliogopa kwamba siku akirudi atakuta ukuta wa watu asiowajua, adhani mama yake alishahama, apite.

Miaka yote nilijisifu kwamba nilijua kumsoma bibi yangu. Kumbe nilijua anapopenda kukaa tu. Nikaukunja mchoro, lakini usanifu ulikuwa bado umenikaa kichwani.

"Lakini mama," nikasema taratibu, "haboba hayupo tena."

"Najua hayupo," mama akajibu, akigeuza kiti chake kielekee barabarani. "Sasa Wani akipita, nani atamwita?"