Imefika, na ya Guka Pia

Meneja wetu alienda semina Nyeri mjini siku mbili, akarudi na neno moja: mawasiliano. Venye alikuwa analitaja, tulidhani ni ugonjwa. Hapo kiwanda ya kahawa, huku juu Othaya, habari ilikuwa inapita kwa mdomo. Karani anasimama kwa mlango wa ofisi, anaita, mwenye masikio anasikia. Meneja akasema hiyo imeisha. Kila kitu itawekwa kwa grupu ya simu, na ukisoma unajibu "Imefika", ndio ofisi ijue.

Shida ilikuwa mzee mmoja wa meza za kuanika. Sisi vijana tulimwita guka, yaani babu. Simu yake ilikuwa ile ya kubonyeza, haiingii grupu. Meneja akaangalia huku na huku, akaona mimi ndio niko na mdomo mrefu, akasema nitakuwa simu ya guka. Nikamwambia guka mimi ni simu ya bei, asiniangushe. Akasema bora nisizime kabla ya saa sita.

Mwanzo nilifanya vizuri. Nasoma, natembea mpaka meza yake, namwambia, halafu naandika: "Imefika, na ya guka pia." Baadaye uvivu ukaingia. Nikawa naandika kwanza, nitamwambia nikipita. Hakuna kitu iliharibika. Ofisi ilikuwa inaona majibu yote na kufurahi.

Wiki hiyo mke wake alikuwa amelazwa hospitali, hapo tu Othaya. Guka alimwachia ile simu, akawa anakuja kazi asubuhi na kwenda kumwona jioni. Siku ya tatu, saa nne na kitu, binti yao akapigia ofisi. Karani, kwa kufuata sheria mpya, akaweka kwa grupu: guka aambiwe aende hospitali sasa hivi, mama amezidiwa, anamuitisha.

Nilikuwa na kikombe ya uji kwa mkono. Nikaandika na kidole moja venye nimezoea. Imefika, na ya guka pia.

Hata uji sikumaliza. Matone yakaanza, na mvua ikigusa kahawa iliyokauka imeharibu kazi ya wiki nzima. Tukakimbia wote kufunika meza na nailoni. Nilishika upande moja, na upande ule mwingine alikuwa guka. Tulivuta tukiangaliana, hatua mbili tu katikati yetu. Nikamwambia hii mvua imetoka semina, haijui kubisha hodi. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Hiyo kicheko ndio nasikia mpaka leo. Sio kilio ya matanga. Hiyo kicheko.

Saa nane karani alishuka akamkuta bado anafunua meza. Akamuuliza mbona hajaenda. Guka akatoka na gambuti zake za kazi miguuni, hivyo hivyo. Mkewe alikuwa ameenda saa saba.

Kwa matanga nilibeba viti. Nikasikia guka akiambia watu ofisi ilichelewa, na nikaendelea kupanga viti. Nimejaribu kufuta yale maneno yangu kwa grupu. Simu inaniuliza kama nataka kufuta kwangu peke yangu.

Miezi ikapita. Binti yake akamnunulia simu ya kioo, guka akaniletea nimuingize kwa grupu. Nikamuingiza. Akasukuma kioo na kidole, pole pole.

"Na za nyuma, zinaonekana?"

"Hapana, guka. Mtu mpya haoni za nyuma."

Nilikuwa nimepona hapo. Akanishukuru, akaanza kuenda, na kisogo yake ilikuwa ile ya siku alitoka na gambuti. Nikamwita. Nikafungua simu yangu, nikapanda juu mpaka siku hiyo, nikampatia.

Alisoma akifuata na kidole. Akasoma saa. Akasoma jina yangu. Akarudia.

"Nilikuwa meza ya tatu," akasema. "Ungepiga tu mluzi."

Akanirudishia simu, akaipangusa kwanza na shati.

Siku hizi kitu ikiingia kwa grupu, siandiki. Naenda mpaka mwisho wa meza, napiga mluzi, ingawa simu yake najua imelia. Akiinua mkono, ndio naandika imefika, yangu peke yake.

Siku zingine hainui. Nangojea hapo hapo.