Vyuma Viwili Chini ya Gari la Orpha

Kwa miaka thelathini na moja Orpha Lindquist aliendesha basi la shule huko Rawlins, Wyoming, na hakuna barafu wala upepo uliowahi kumtia hofu. Mumewe alipofariki, aliuza nyumba akahamia kwenye gari-nyumba refu, na nyuma yake akafunga tela lenye mtambo wa kale wa kupiga chapa, chuma kitupu. Aliupeleka shule kwa shule, watoto wachape majina yao kwa mikono yao wenyewe.

Aprili moja, karibu na Elk Mountain, usukani ulimwacha. Haukukatika, ulikuwa mwepesi tu, kama wa gari la kuchezea. Upepo ulipiga ubavuni, tela likayumba huku na huku, naye akahisi magurudumu ya mbele hayakanyagi lami sawasawa. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akaegesha kando ya barabara.

Alijikongoja hadi Laramie, kwa Delmer Yost, fundi wa kuchomelea aliyezeeka akifunga viungio vya matela. Orpha akamwambia anataka kiungio cha kugawa uzito, kikubwa kuliko vyote. Delmer aliingia chini ya gari, akakaa huko kitambo, akatoka na kutu kwenye ndevu.

"Mama, mkia wa gari hili umeungwa kwa kuchomelea," alisema. "Na aliyeuunga alikuwa anawahi chakula cha mchana."

"Kwani kiungio kikubwa hakitasaidia?"

"Kitaung'oa kabla hujafika Cheyenne."

Akamweleza kwamba lazima aimarishe chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kwanza. Tena kikubwa si lazima kiwe bora. Vyuma vya springi vya kiungio vikiwa vigumu kupita kiasi havipindi, vinaishia kuitwanga chesisi. Akapima uzito ambao mkono wa tela ulikandamiza nyuma ya gari: ratili mia saba. Kati ya viungio vitatu vilivyokuwa rafuni alichagua cha kati, cha ratili mia nane, chenye kuzuia kuyumba.

Alichomelea siku mbili. Siku ya tatu alimpa Orpha futi kamba, akamwambia apime mwenyewe kimo cha pua ya gari kutoka chini. Tela lilipofungwa, pua ya gari ilipanda vidole viwili. Delmer akainua kwa jeki, akapachika vile vyuma viwili virefu vya springi, akavuta minyororo, akashusha. Orpha akapima. Pua ilikuwa imerudi karibu palepale. Akapima tena, na tena.

"Uzito umekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Haujaenda popote. Ulikuwa umelala wote mkiani. Sasa magurudumu yote yanasaidiana, ya gari na ya tela."

Orpha akapiga magoti, akagusa chuma kimoja. Kilikuwa kimepinda kidogo tu, kama upinde uliovutwa, kimya, nacho kilikuwa kinahamisha mzigo ambao wanaume wawili wasingeuinua.

Kesho yake Elk Mountain ilikuwa na upepo mkali kuliko ule wa kwanza. Tela lilisukumwa, likatulia. Usukani ulikuwa mzito mikononi mwake, mzito na mtamu. Alipovuka aliegesha, akashuka kwenda kuvitazama tena vile vyuma. Upepo ukampokonya kofia ukaipeleka uwandani, wala hakugeuka kuitazama.