Nyayo Nilizompa Msawazisha Mchanga

Ukitaka kunibishia, subiri kwanza tuonane. Nitavua viatu, nitembee hatua kumi mbele yako kwenye vumbi, kisha wewe uangalie chini. Ukimaliza kuangalia, ndipo ubishe. Wengi nimewaambia hivyo, na wale wachache waliokubali hakuna aliyeendelea na ubishi.

Shule niliacha darasa la nne. Akili nilikuwa nazo, kukaa ndiko kulikonishinda. Nikisikia gari linakwenda mahali nisipopajua, miguu inaniwasha. Ndivyo nilivyofika Mwanza nikiwa kijana, nikapata kazi ya kubeba mikoba ya wachezaji wa gofu. Kama huujui mchezo huo, ni wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye kitundu kilicho mbali. Fimbo ziko nyingi, lakini moja ni ya kumalizia. Hiyo haipigi, inasukuma tu mpira taratibu hatua za mwisho. Niamini, watu wazima niliwaona wakiitukana fimbo hiyo kana kwamba ni mtu.

Daktari mmoja wa Kizungu, mrefu kama nguzo ya simu, alipokuwa anarudi kwao alinipa ya kwake. "Mimi imenikataa," alisema. "Labda wewe itakupenda." Ikawa ndiyo mali yangu. Nilitembea nayo kama bakora, ingawa ilinifika karibu na kifua.

Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa ulinikuta Biharamulo, upande wa Nyantakara. Nikapewa kiwanja kwenye mstari, katikati ya majirani wawili. Kulia alikuwa Masanja, Msukuma aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake, mtu wa mdomo sana. Kushoto alikuwa Mama Koku, mwenyeji, mjane wa makamo, mpole, asiyecheka ovyo.

"Hiyo fimbo ya chuma unachungia nini, mjusi?" Masanja aliniuliza siku ya kwanza. Kisha akaangalia mguu wangu wa kulia. Kidole kidogo kiliwahi kukanyagwa na gurudumu la mkokoteni, kikapona kikiwa kimegeukia nje. "Lo! Mwenzenu huyu hakai hapa. Kidole chake kimeshatangulia Burundi."

Mama Koku yeye hakuwa na utani. Siku ya kuhama, watu walipita kwenye makaburi ya wazazi wao kuaga. Yeye alikaa juu ya mzigo wake akiwatazama. Nilimuuliza kwa nini haendi.

"Ninyi mna mahali pa kuagia, mwanangu," alisema. "Mimi baba yangu alikwenda kazini asubuhi kwa Wazungu wa dhahabu, kule kambini, hakurudi. Tulimtafuta mwezi mzima. Hata unyayo hatukuuona. Nimuage nani?"

Maneno yale yalinikaa. Nami nikiwa na jambo la kuuliza, silali. Nikadodosa, nikaambiwa kambi ile ipo mwendo wa saa mbili kwa miguu, imeachwa tangu kabla ya Uhuru, imejaa mashimo, na kwamba Wazungu wake walikuwa na kiwanja cha kuchezea mpira wa fimbo. Mpira wa fimbo, huku porini! Ungekuwa wewe usingekwenda kuona?

Watu hudhani mambo haya hutokea usiku tu. Hili lilitokea saa kumi alasiri, jua likiwaka, njiwa wakilia kwenye miyombo. Nilipita nyumba zilizobomoka, nikatokea mahali palipo wazi, na pale nikasimama. Mbele yangu palikuwa na duara la mchanga mweusi, laini kama uji uliopoa, bila jani hata moja. Niliufahamu mara moja. Mahali pasipo na majani mazuri, kitundu huzungushiwa mchanga uliochanganywa na oili chafu, na kila mchezaji akishapita, mchanga husawazishwa upya. Lakini nani alikuwa akiusawazisha huu, miaka yote hiyo?

Mzee mmoja alikuwa akiuzunguka, amevaa kaptura ya kaki na koti lililochakaa. Kiunoni alifunga kamba, na kamba ilivuta ubao nyuma yake. Kila alipokanyaga, ubao ulipita ukafuta.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Usiukanyage bado. Hiyo fimbo si yako."

Nilishtuka, nikadhani ananiita mwizi. "Ni yangu, mzee. Nilipewa."

"Kupewa ulipewa. Lakini ni ya mtu mrefu. Njoo hapa, simama."

Akaniwekea mpira mchangani. Aliponiona nimeshika fimbo katikati, akatikisa kichwa akicheka bila sauti. Akaniambia nichukue kokoto, niishike usawa wa jicho langu na kuiachia. Kokoto ikaangukia karibu na vidole vyangu vya miguu, mbali na mpira.

"Umeona? Fimbo inakusukuma nyuma. Jicho lako lingekuwa juu ya mpira, kokoto ingeugonga. Wewe unaangalia mpira kama mtu anayechungulia kwa jirani."

Akafungua gunia lililokuwa kando ya mchanga. Mlikuwa na fimbo tatu za kumalizia, fupi, vipini vyake vimefungwa ngozi upya. Akaweka ya kwanza juu ya kidole kimoja, ikalala imetulia, uso wake wa kupigia ukitazama mbinguni. Akaweka ya pili, ikainamisha pua, yaani ncha ya kichwa chake, chini. Ya tatu ilikuwa kama ya pili, ila kichwa chake ni kizito.

"Piga bila mpira, nione mkono."

Nikapiga.

"Mkono wako ni wa mlango. Unafunguka ukienda nyuma, unajifunga ukirudi. Wa hivyo anataka hii inayoinamisha pua, maana nayo inafunguka na kujifunga. Mwenye mkono wa msumeno, wa kwenda na kurudi palepale, anataka ile inayolala chali. Na mchanga huu ni mzito kuliko majani, kwa hiyo chukua yenye kichwa kizito, ikufanyie kazi. Ukitumia nyepesi utaanza kutumia nguvu, na nguvu hapa ni adui."

Nilichukua ya tatu. Mpira wa kwanza uliingia. Wa pili ukaingia. Wallahi nilitaka kulia. Miaka yote nilikuwa nikidhani mimi ndiye mbovu, kumbe nilikuwa na fimbo ya mwenzangu.

"Na wewe mzee, yako ni ipi kati ya hizi?"

Pale uso wake ulibadilika. Akawa kama mtoto aliyeulizwa mbona hajala.

"Mimi? Mimi niliwachagulia wote. Bwana mkubwa wa kambi, mhandisi, mpaka padri aliyekuwa akipita. Kazi yangu ilikuwa kuchagua na kufuta. Kupiga sikuruhusiwa. Jioni wakiondoka, nilikuwa nasema leo nitapiga mpira mmoja tu. Nikaahirisha, nikaahirisha. Mpaka siku ikapita."

"Piga sasa. Nani atakukataza?"

"Nimejaribu," alisema taratibu. "Hakuna inayonifaa."

Akajaribu mbele yangu. Kwa fimbo ya kwanza mpira ulikwenda kushoto, kwa ya pili ukaenda kulia. Nikampa na yangu ndefu, mpira ukatoka hatua moja ukalala. Nikaanza kumtazama kama yeye alivyonitazama mimi. Mkono wake ulikuwa wa msumeno, mzuri kabisa, umetulia kuliko wa mchezaji yeyote niliyembebea mkoba Mwanza. Jicho lilikuwa juu ya mpira. Kosa liko wapi basi? Nikashusha macho kwenye miguu.

Alikuwa amesimama katikati ya mchanga, ubao ameuacha pembeni, na chini ya miguu yake mchanga haukubonyea. Niliangalia nyuma yake, alikopita kuufuata mpira. Hapakuwa na alama. Zangu zilikuwepo, na kidole changu cha Burundi kikionekana wazi. Zake hapana.

Nisikudanganye, miguu iliniambia kimbia. Lakini nilipoinua macho nikamwona ameshika fimbo, ananisubiri nimwambie kosa lake, kama mimi nilivyomsubiri yeye aniambie langu. Utamkimbiaje mtu wa hivyo?

"Mzee," nikasema, "fimbo haina kosa. Wewe husimami."

"Sisimami," akakubali. "Nilifuta sana."

Ndipo nikasema neno ambalo nalilipia mpaka leo. Nilikwenda mbele ya mpira, nikakanyaga kwa uzito wangu wote, miguu miwili, nikatoka kwa uangalifu. Zikabaki alama mbili zimeingia sawasawa.

"Simama kwenye nyayo zangu," nikamwambia.

"Unanipa?"

"Nakupa, mzee."

Akaingiza miguu yake mle. Mabega yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akachukua fimbo ile inayolala chali. Akasukuma. Mpira ulikwenda polepole, ukafika mdomoni mwa kitundu, ukasita, ukaingia. Mlio wake mdogo ule, tok, bado naukumbuka.

Hakushangilia. Alikwenda kuuokota, na kila hatua aliyokanyaga ilibaki mchangani. Akasimama akazitazama kwa muda mrefu. Nami nikaziona. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimegeukia nje.

"Mwambie Koku asifute," alisema. Akaingia miyomboni, fimbo begani. Ubao aliuacha.

Nilikimbia, ile fimbo fupi ikiwa bado mkononi. Nilifika kijijini jua halijazama, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Koku, nikamkuta akisonga ugali. Nilimuuliza jambo moja tu: baba yake alikuwa na kazi gani kule kambini?

"Zakaria? Alikuwa anasawazisha mchanga wa Wazungu. Alifunga ubao kiunoni, akatembea anafuta. Ndiyo maana hatukumpata. Siku hiyo alitoka mchangani bila kufungua ubao, maana nao haukuonekana, akapita njia za mashimo, na alikopita hapakubaki alama hata moja. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Nikamwambia kila kitu. Nilipofika kwenye "Koku asifute", mwiko ulimdondoka. Koku ni jina lake mwenyewe, lakini hakuna mtu kijijini aliyemwita hivyo tu, bila Mama.

Alfajiri tulikwenda watatu, Masanja akiwa na kamba ya ng'ombe. Duara la mchanga lilikuwa limeota nyasi, limejaa majani makavu ya miaka mingi. Lakini nyayo zilikuwepo, mpya, zikipita juu ya majani na kuyabonyeza. Masanja, mtu wa maneno yote yale, alizifuata ameinama. Zilituongoza kama hatua mia mbili, mpaka kwenye kichaka. Nyuma ya kichaka palikuwa na shimo la zamani ambalo nyasi zililifunika mdomo. Ukingoni, fimbo yangu ndefu ya daktari ilikuwa imeegemezwa mtini, ingawa mimi niliiacha kule kwenye duara.

Masanja alishuka. Alikaa mle shimoni muda, kisha tukasikia sauti yake: "Mama Koku, yupo. Na ubao wake yupo nao."

Tulimzika siku ileile, nyuma ya nyumba ya binti yake. Mwenyekiti wa kijiji alitoa ruhusa, akaleta na sanda. Mama Koku alilia kilio cha miaka yote aliyonyimwa. Tulipokuwa tunarudi kunawa, alinishika mkono akaangalia njia tuliyopita. Nyayo zake zilikuwepo, na za Masanja. Akaangalia mguu wangu.

"Zile za kule zilikuwa zako," alisema.

"Zilikuwa zangu," nikasema.

Tangu siku hiyo, kwenye mchanga na vumbi siachi alama. Nimejaribu kuruka, nimejaribu kubeba gunia la mihogo. Mwanzoni niliona ni mchezo. Kisha watu wakaanza kugundua, watoto wakaanza kunifuata nyuma wakichungulia, nami nikaondoka kama kawaida yangu.

Halafu vikaja vita vya Kagera. Mgambo walikuwa kwenye vizuizi kila mahali, wakitafuta wapelelezi. Kule Ngara, karibu na Kasulo, walikuwa na desturi ya kufagia njia kwa matawi jioni, ili asubuhi wajue nani kapita. Nikatokea asubuhi kwenye njia hiyo. Kiongozi wao, mtu wa umri wa baba yangu, mwenye mvi, aliniuliza nimepita wapi.

"Njia hii."

"Muongo! Njia hii hajapita hata kuku. Rudi, tembea, tukuone."

Bunduki mbili zilinielekea. Nikatembea. Nilipogeuka, wote walikuwa wanatazama chini. Kisha yule mzee akavua kofia.

"Shikamoo," akaniambia.

Mimi, niliyekuwa na umri wa mwanawe!

"Marahaba," nikasema, nikapita. Nililia njiani kama mtoto.

Sijuti, na usimlaumu Zakaria. Alikuwa na haja ya kweli, naye alinichagulia fimbo ninayotembea nayo hadi leo, fupi, yenye kichwa kizito. Ila chukua onyo hili. Ukikutana na mgeni mahali palipoachwa, naye anakufundisha kitu kizuri, kabla hujamfurahia mtazame miguu. Na akihitaji kitu chako, usimnyime. Lakini usiseme "nakupa". Sema "nakuazima".

Mama Koku bado yupo. Kila nikipita Nyantakara huenda kumsalimu. Nikiaga, hunisindikiza hadi mlangoni, huchukua kijiti, huinama, na kuchora kwenye vumbi la ua wake nyayo mbili zinazotoka, kidole kidogo cha kulia kikiangalia nje. Na jioni, anapofagia ua, nimeambiwa huziruka.