Injini Iliyomlaza Oswaldi

Kaka yangu Oswaldi ana mashine ya kusaga hapa Milepa, na tangu aiwashe mara ya kwanza hajawahi kusinzia ikiwa inazunguka. Anakula ugali wa ulezi huku sikio liko mashineni. Mlio ukizama kidogo tu, utamsikia akipaza sauti, "Punguza nafaka!" Na kweli, ukichungulia utamkuta mkewe, wifi yangu Adela, kamimina debe zima kwa mpigo.

Sasa binti yao Bertilla, fundi wa injini za ndege huko Dar es Salaam, alikuwa anaolewa. Mgongo wa kaka hauwezi safari ndefu ya basi. Alishajaribu, akaishia kushushwa Mbeya amebebwa kama gunia. Ilibaki ndege, la sivyo bibi harusi aingie kanisani bila baba yake. Na kaka akagoma.

"Rubani kakaa mbele, injini iko nje kwenye bawa. Nani anaisikiliza?"

Nilimfokea hadi sauti ikanikauka. Bertilla, alipokuja likizo, hakufoka. Aliipindua baiskeli uani, akashika kijiti kwenye spoku, akazungusha gurudumu. Ta, ta, ta. Akaongeza kasi: tatatata.

"Baba, umejuaje kwamba nimeongeza?"

"Si spoku zinagonga haraka!"

"Basi. Ndani ya injini kuna gurudumu la meno. Pembeni yake kuna sumaku iliyozungushiwa waya, wala haigusani na meno hayo. Kila jino likipita, umeme kidogo unapiga kwenye waya. Kompyuta inahesabu mapigo hayo, rubani anaisoma kasi mbele yake."

"Waya ukikatika?"

"Upo mwingine. Na kuikagua injini yote ndiyo kazi yangu, baba."

Kaka akabaki akiizungusha ile baiskeli peke yake, wateja wakimsubiri na magunia yao. Kesho yake akaniambia nifungashe. Adela akatangulia kwa basi pamoja na Bertilla.

Tulikwenda polepole hadi uwanja wa ndege wa Songwe, tukilala njiani kwa ajili ya mgongo wake, tukapandia hapo. Ndege ilipokwisha kupaa vizuri, mlio wa injini ukazama. Kaka akaruka, mkanda ukamrudisha kitini.

"Punguzeni nafaka!"

Ndege nzima ikageuka. Nilitamani nishushwe hapo hapo mawinguni. Mhudumu akaja akitabasamu, akamweleza kwamba rubani mwenyewe ndiye aliyepunguza kasi, maana kazi ya kupaa imekwisha.

"Anaiona hiyo kasi?"

"Anaiona, mzee."

Kaka akashusha pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kumsema njia nzima, lakini nilipomgeukia alikuwa anakoroma. Oswaldi! Injini inanguruma pembeni yake! Tulipotua ikabidi nimtikise.

Bertilla alikuwa anatusubiri nje.

"Shikamoo baba. Injini ilikuwa inaliaje?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu," kaka akasema. "Nilikuachia wewe."

Bertilla akamkumbatia, akalia mbele za watu wote. Mimi nilijikaza, nikashindwa.