Joho Lililopimwa kutoka Mlangoni

Serafina Masele alikuwa na mdomo ambao hata wachungaji waliupisha njia. Alizaliwa Kahama, akaolewa Geita mara mbili, na mara zote mbili akamrudisha mume kwao. Alipofika Katoro na cherehani yake alikuwa na miaka arobaini na mbili, na subira alikuwa ameimaliza zamani. Huyo ndiye ambaye kanisa lilimpa chumba cha nyuma awafundishe ubunifu wa mavazi wale ambao kwenye matangazo huitwa "vijana walio katika mazingira hatarishi". Yeye aliwaita wahuni wangu.

Walikuwa tisa. Violeth alikuwa amehudumia bia kwenye grosari tangu ana miaka kumi na tano. Wawili walikuwa wakichomoa simu za watu mnadani, na Serafina aliapa kwamba hajapata kuona vidole vizuri kama vile kwenye sindano. Ngusa alitoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako kazi yake ilikuwa kukadiria viroba vya mawe kwa macho kabla havijapakiwa. Ramani za nguo walizichora juu ya mifuko ya saruji, nayo ilibidi ikung'utwe kwanza, la sivyo darasa zima lilipiga chafya.

"Nguo si kufunika uchi," aliwaambia. "Hata gunia linafunika. Nguo ni kumpa mtu uongo mzuri kuhusu mwili wake."

Aliyekuwa hautaki uongo wa aina yoyote ni Mama Mageni, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Yeye alitaka chumba kile kiwe fremu ya duka, kipangishwe, kanisa lipate bati. Isitoshe, Ngusa alikuwa amemwoa binti yake, Mageni, jambo ambalo mama huyo alilikubali kama mtu anavyokubali homa. Baada ya mabishano marefu kamati ikatoa mtihani: darasa lishone majoho ya kwaya ya akina mama, ishirini na matatu. Yakipendeza Jumapili ya wageni kutoka Nkome, chumba kibaki. Yakiharibika, wahuni watafute pengine.

Serafina alikuwa amechoka kuona majoho yanayomfanya kila mama aonekane kama hema la mkutano. Akaamua haya yatakuwa na kiuno. Akaamuru pia wasiache kitambaa cha akiba kwenye mshono, maana fundi anayejiamini haachi akiba. Yalikuwa majivuno matupu, na siku ya kupima yakakutana na majivuno ya wengine.

Kwa maana kila mama, alipozungushiwa futi kamba kiunoni na kijana wa miaka ishirini, alivuta tumbo ndani. Vijana waliona. Lakini ni nani amwambie mama wa watu, "Shikamoo mama, hebu achia tumbo"? Wakaandika walichokipata.

Mama Mageni, naye mwanakwaya, alifika wa mwisho. Serafina na wengine walikuwa dukani wakigombana na muuza uzi, amebaki Ngusa peke yake. Mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata kumkazia macho ni kukosa adabu. Mama Mageni akabaki uani akipiga soga na jirani, mgongo kwa mlango. Ngusa akasimama mlangoni, akatupa jicho mara moja, mara mbili, akaandika. Kisha akamwomba jirani amfikishie mama kwamba vipimo tayari. Mama Mageni akadhani wametumia joho lake la zamani, akaondoka.

Ngusa aliungama Alhamisi, kitambaa kikiwa kimeshakatwa. Serafina alimtukana kwa Kisukuma, akahamia Kiswahili, kisha akaishiwa matusi, jambo lililowatisha wote.

"Tumekwisha," alisema. "Kati ya matumbo yote ya Katoro, ukaenda kubahatisha la mwenyekiti!"

Jumapili kwaya ilipoingia, kanisa lilishangilia. Vile viuno vilipendeza, haki ya Mungu. Kisha wimbo ukaanza, akina mama wakavuta pumzi ya kwanza, na mishono ikaanza kulia mmoja baada ya mwingine, mstari wa mbele hadi wa nyuma. Ishirini na wawili waliimba viwiko vikiwa vimebana mbavu. Mama Mageni peke yake aliinua mikono juu, akayumba, akapiga vigelegele.

Baada ya ibada walijazana kwenye kile chumba, na maneno yakatoka bila breki.

"Mwenyekiti kashonewa, sisi tumefungwa kama dagaa!" alifoka mmoja, kashika ubavu. "Hii ni rushwa. Wamemnunua ili wabaki na chumba."

Mama Mageni alikuwa hajawahi kuitwa mla rushwa. Uso ulimshuka. "Serafina, kwa nini langu tu?"

Serafina alijua uongo wa kumfaa. Kabla hajafungua mdomo, Ngusa akasema kutoka nje ya mlango, macho chini, "Mwalimu, mwambie mama hakuna aliyempendelea. Sikuweza kumgusa. Nilimkadiria kwa macho, kama... kama tulivyokuwa tunakadiria viroba vya mawe."

Serafina alifumba macho. Violeth akasema taratibu, "Mungu wangu."

Mama Mageni akageukia dirisha, kama desturi ilivyomtaka. "Kwa hiyo mimi sikujua kama napimwa," alisema polepole. "Nilisimama nilivyo. Ninyi wenzangu mlisimamaje?"

Yule yule mwenye ubavu uliofumuka akaanza kucheka, akafumuka zaidi, na wote wakacheka wakishikilia nguo zao.

"Na mimi sikuacha akiba ya mshono," alisema Serafina. Lilimtoka kwa shida. "Hilo kosa ni langu. Tutatia vipande vya pembeni, vya njano."

Kwa miaka miwili Mama Mageni alikuwa akimtaja Ngusa kama "yule wa mashimoni", tena kwa kubana pua.

"Chumba hakiendi kokote," aliliambia dirisha. "Na wewe Serafina, mwambie mkwe wangu kesho awapime hawa wote upya, kwa macho. Mageni amletee kigoda. Pale mlangoni pana jua."